Aliyeshiba Hamjui Mwenye Njaa



Kila uchaguzi ukikaribia, hapa Lumakanda husikika neno hili: "Mchagueni tajiri, maana aliyeshiba haibi." Sisi twalikataa neno hilo, na shahidi wetu si mwizi. Ni tajiri aliyesifiwa sana kwa utumishi wake.

Averell Harriman alizaliwa Marekani mwaka 1891. Baba yake aliitawala reli ya Union Pacific. Mwana akaanzisha benki, na mwaka 1932 akawa mwenyekiti wa reli ile ile. Kutoka benki akaingia serikalini: balozi Moscow, kisha London, waziri wa biashara, na gavana wa New York toka 1955 hata 1958. Hatumnyimi haki yake. Mwaka 1963 aliongoza wajumbe wa Marekani huko Moscow, ukapatikana mkataba wa kukataza majaribio ya mabomu ya atomiki hewani na baharini.

Lakini itazameni Kongo. Mwaka 1964 waasi wa Simba waliushika mji wa Stanleyville, ambao leo ni Kisangani. Harriman alikuwa mmoja wa wakubwa wa wizara ya mambo ya nje. Mwezi wa Agosti alisafiri mpaka Brussels kushauriana na Spaak, waziri wa Ubelgiji. Baadaye nchi huru za Afrika ziliunda kamati ya kusuluhisha, mwenyekiti wake Mzee Kenyatta. Tarehe 23 Novemba balozi wa Marekani alikaa Nairobi na mjumbe wa waasi mbele ya Mzee. Kesho yake alfajiri askari wa Ubelgiji waliteremka Stanleyville kwa miavuli, kutoka ndege za Marekani.

Mtu atasema: walikuwapo mateka. Kweli, na wengine waliuawa. Uovu huo hatuutetei. Lakini Wakongo waliokufa kwa maelfu katika vita vile, ni nani aliyewapelekea ndege?

Harriman hakuiba. Alisikia kilio cha watu wa aina yake kwanza. Hilo ndilo kosa la kumkabidhi tajiri mambo yetu, hata akiwa mwema.

Kwa hiyo, ndugu, mgombea akija msimwulize ana mali kiasi gani. Mwulizeni: umewahi kungoja mshahara usiofika? Utarudi lini kututolea hesabu? Asiyejibu, na apite.

Umoja ni nguvu!