MZEE WA CHAI NAYE AIONE BAHARI

Kila juma chai ya Kericho huteremka Mombasa. Huko huwekwa ghalani, huonjwa na wanunuzi, kisha huuzwa kwa mnada. Mnada huo ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamishiwa Mombasa mwaka 1969, na tangu mwaka 1992 bei yake hutajwa kwa dola. Basi jani la chai limefika pwani. Je, aliyelichuma amefika? Waulizeni wazee wa mashambani, tangu Kericho hata Bomet, waliochuma miaka ishirini na thelathini. Wengi watawaambia kuwa bahari wameiona katika picha ya kalenda.

Mimi ni mfanyakazi wa reli, wala sichumi chai. Lakini jambo hili lanihusu, maana reli ilibeba chai hii tangu siku ambazo stesheni ya Kipkelion iliitwa Lumbwa. Tena nimesikia neno likisemwa na wanachama wenzetu: "Mzee wa shamba anatafuta nini baharini? Akistaafu arudi kwao apumzike." Neno hili ni baya, nami nitalijibu.

Kwanza tuangalie limetoka wapi. Zamani za ukoloni mabwana wa nyanda za juu waliamini kuwa mwinuko wa nchi na jua lake huchosha moyo na mishipa ya fahamu. Kwa hiyo walisema ni lazima Mzungu ateremke pwani mara kwa mara ili apate nafuu. Walipanda treni, wakafika Mombasa, wengine wakaendelea mpaka Malindi, na hoteli zikajengwa kwa ajili yao. Lakini mchumaji alisimama juani na mvuani katika mwinuko ule ule, zaidi ya meta 2,000, na kikapu mgongoni. Hakuna daktari aliyesema kuwa moyo wake nao wahitaji pwani. Yeye akichoka aliambiwa arudi kwao. Basi ndugu, mkisema leo kuwa mzee hana haja na bahari, mnarudia sheria ya bwana wa zamani kwa kinywa chenu wenyewe.

Mambo yalibadilika, walau katika karatasi. Mwaka 1968, miaka mitano baada ya uhuru, serikali ilitenga hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, nazo ni miongoni mwa za kwanza katika Afrika. Baadaye ikatengwa ya Mombasa, mwaka 1986. Hifadhi hizi ni mali ya taifa. Ndani yake mna matumbawe, yaani miamba iliyojengwa na viumbe vidogo vya baharini kwa miaka mingi sana, na samaki wa kila rangi wakipita katikati. Huko Watamu kasa hupanda ufukweni usiku kutaga mayai, na katika hori ya Mida mna msitu wa mikoko. Mtu asiyejua kuogelea huingia katika mashua yenye sakafu ya kioo akatazama chini hali amekaa kitako. Kazi hiyo haihitaji nguvu za kijana. Yafaa sana kwa mzee.

Wengine husema hifadhi ni za watalii wa ng'ambo. Si kweli. Kiingilio cha mwananchi ni kidogo sana kuliko cha mgeni, maana serikali yenyewe inajua kuwa mwenye mali ni mwananchi. Lango silo linalomzuia mzee wetu. Vinavyomzuia ni vinne: nauli, malazi, simu, na kutokuambiwa kuwa ana haki.

Tazameni nauli. Kutoka Kericho hadi Malindi ni zaidi ya kilomita 800. Atasafiri kwa gari mpaka Nairobi, kisha kwa reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017, kisha kwa gari tena kilomita kama 120 kutoka Mombasa. Januari 2024 nauli ya daraja la chini kati ya Nairobi na Mombasa ilipandishwa kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500. Kwenda na kurudi ni 3,000. Sasa ipimeni na posho ya Inua Jamii, ambayo ni shilingi 2,000 kwa mwezi, nayo hupewa mzee aliyetimiza miaka 70. Posho ya mwezi mzima hailipi treni peke yake, sembuse gari, chakula na kitanda.

Tazameni na akiba. Kwa miaka mingi, mpaka viwango vilipobadilishwa mwaka 2023, mfanyakazi alikatwa shilingi 200 kwa mwezi kwa ajili ya NSSF, na mwajiri akaongeza 200. Pigeni hesabu: miaka ishirini kwa kiwango hicho ni shilingi 96,000, kabla ya faida. Fedha hizo ndizo za kujenga nyumba, kununua ng'ombe, kulipa karo ya wajukuu na kwenda hospitali. Ni nani atakayezitoa kwenda kutazama samaki? Kwa hiyo mzee asipokwenda msiseme hakupenda. Alipiga hesabu tu.

Na simu nayo ni ukuta. Tikiti ya treni huagizwa kwa simu, na malango ya hifadhi siku hizi hayapokei fedha taslimu. Kiingilio hulipwa kwa njia ya serikali ya mtandaoni. Kijana huyamaliza haya kwa dakika tano. Mama wa miaka 68 ambaye vidole vyake vimekakamaa kwa kuchuma, na macho yamefifia, atasimama langoni na noti mkononi kama mtu asiye na kitu.

Sasa nitajibu wale wasemao, "Kwanza mshahara, starehe baadaye." Neno hili lina uzito, maana mashine za kuchuma zimewatoa wengi kazini, na mshahara hautoshi. Lakini kumbukeni kuwa likizo ya malipo nayo iliitwa starehe hapo zamani. Leo Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema kila mfanyakazi apewe siku za kazi zisizopungua 21 kila mwaka kwa mshahara kamili. Nchi nyingi zilipata haki hiyo kwa kudai. Huko Ufaransa, mwezi wa Juni 1936, baada ya migomo mikubwa, wafanyakazi walipata kwa sheria likizo ya majuma mawili yenye malipo. Mwaka ule ule serikali ikatoa tikiti ya treni ya likizo yenye punguzo la asilimia 40. Watu zaidi ya nusu milioni waliitumia wakati wa kiangazi kile, na wengi wao waliiona bahari kwa mara ya kwanza. Matajiri waliwacheka. Lakini hakuna mfanyakazi aliyerudi kutoka ufukweni akasema sasa mshahara nisiudai. Aliyekwisha kujua thamani ya siku zake huzidi kudai.

Hata Marekani, nchi ya mabepari, mwananchi wa miaka 62 hununua kibali cha kuingia hifadhi za taifa maisha yake yote. Mwaka 2017 bei ya kibali hicho ilipandishwa kutoka dola 10 hadi 80, lakini akikinunua mara moja imetosha.

Na katika Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 57 kinaitaka serikali ihakikishe kuwa wazee wanashiriki kikamilifu katika maisha ya jamii, na kwamba wanaishi kwa heshima. Mzee kwa Katiba ni mtu wa miaka 60 na zaidi. Tulipokuwa shule ya misheni tulifundishwa kuwa siku ya kupumzika iliwekwa hata kwa punda na ng'ombe. Je, mchumaji ni chini ya punda?

Basi nasema chama kidai mambo haya, na kila tawi liyajadili:

1. Katika mapatano ya kazi yajayo na waajiri, kiwekwe kifungu cha waranti ya kustaafu. Mfanyakazi anayestaafu baada ya miaka mingi alipiwe safari moja ya kwenda pwani na kurudi, yeye pamoja na mkewe au mumewe. Kwetu reli pasi ya safari ni jambo la kale. Si kitu cha ajabu.

2. Katika treni mtoto mdogo hulipa nusu. Chama kidai nusu hiyo hiyo kwa mzee wa miaka 60.

3. Katika hifadhi kuwe na mtumishi wa kumsaidia mzee asiye na simu, benchi kivulini, na ngazi imara ya kupandia mashua. Mtu mwenye magoti mabovu asibebwe kama gunia.

4. Kila tawi lianzishe akiba ya safari. Shilingi 100 kwa mwezi ni 6,000 kwa miaka mitano. Watu thelathini wakikodi gari pamoja, kila mmoja hulipa kidogo kuliko akienda peke yake. Katibu wa tawi ashughulike na simu na tikiti.

Tena twaweza kuchagua wakati bila kumdhuru mtu. Januari na Februari mvua huadimika Kericho, majani hupungua, na kazi ya kuchuma hulegea. Miezi hiyo hiyo ndiyo ya kaskazi, bahari hutulia na maji huwa meupe hata matumbawe yakaonekana vizuri. Kusi ikivuma, katikati ya mwaka, mawimbi ni makubwa na maji huchafuka. Kwa hiyo mwajiri asituambie kuwa safari itaharibu kazi.

Wanaokwenda wajue haya. Mashua hutoka maji yakipwa, basi ulizeni saa za maji kabla ya kupanga siku. Pwani kuna joto kali kuliko huku kwetu. Mwenye shinikizo la damu achukue dawa zake, anywe maji mara kwa mara, akae kivulini saa za adhuhuri. Kuna malaria, na sisi watu wa baridi hatujaizoea. Lala ndani ya chandarua, na ukipata homa baada ya kurudi mwambie daktari ulikotoka. Msikanyage matumbawe wala kuyavunja. Mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi na sehemu kubwa ya matumbawe ya Malindi na Watamu ikafa. Yanayoishi yasiuawe kwa viatu vyetu.

Ndugu wanachama, Januari 1947 wafanyakazi wa bandari na reli waliposimamisha kazi Mombasa, waliambiwa kuwa wanadai makubwa mno. Leo tunayahesabu madai yao kuwa ya kawaida. Ya kwetu nayo yatahesabiwa hivyo, lakini si kwa kunyamaza. Asiyekuwepo na lake halipo. Mkutano ujao wa tawi, kila mjumbe alete orodha ya wanaostaafu katika kambi yake mwaka huu na mwaka ujao: jina, miaka ya kazi, na kama amewahi kufika pwani. Tukiwa na orodha hiyo mezani, mwajiri atajua kuwa tunasema juu ya watu anaowafahamu.