Kamera Kuukuu na Amana ya Muuzaji



Amepokea Imam Muslim kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita penye chungu ya chakula sokoni, akatia mkono ndani, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akasema ni mvua. Mtume akamuuliza mbona hakukiweka juu kile kilicholowa, watu wakakiona. Kisha akatoa onyo kali kwa mwenye kughushi.

Twaikumbusha hadithi hii kwa kuwa vijana wetu wa Malindi na Kilifi wamezirudia kamera za filamu za baba na wajomba zao, nazo zauzwa baina ya jamaa na majirani. Khitilafu ya wanazuoni juu ya picha ina mahali pake. Leo twasema juu ya biashara.

Kamera iliyokaa kabatini miaka mingi katika hewa yetu ya bahari ni kama chungu ile. Wazee walisema: uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Kwa hiyo mnunuzi naye atie mkono. Kwanza azungushe taratibu kitufe cha kurudishia filamu. Kikikaza, huenda filamu imo, na kifuniko kisifunguliwe. Ikiwa haimo, amulike lenzi kwa tochi. Akiona nyuzi mfano wa utando wa buibui, hiyo ni kuvu, nayo ikidumu huharibu kioo. Kisha afungue mgongo wa kamera, abonyeze kwa kila kasi na kutazama pazia la ndani likifunguka, bila kuligusa kwa kidole. Likikwama katika kasi ndogo, aghlabu mafuta yamegandana, na hiyo ni kazi ya fundi. Sponji nyeusi za ukingoni zikinata kama lami, mwanga utapenya na kuharibu picha; hizo hubadilishwa kwa wepesi. Mwisho atazame tundu la betri: ukoga mweupe au wa kijani hupanguswa kwa pamba na siki kidogo, maadamu haujala chuma.

Si kila aibu huiua kamera. Pentax K1000, iliyotoka mwaka 1976, hupiga hata bila betri. Kipima mwanga pekee ndicho kiihitajicho. Kipima mwanga kikifa, bei ipunguzwe, na muuzaji aseme wazi. Hata mjane anayeuza kamera ya marehemu mumewe, asiyejua undani wake, atosheke kusema: siijui hali yake, itazameni. Na katika madhehebu yetu ya Shafii, mnunuzi akigundua aibu iliyokuwamo kabla ya kununua naye hakuijua, ana haki ya kurudisha. Ila asikawie, wala asiendelee kuitumia.

Liko jambo zito zaidi. Filamu iliyosahauliwa ndani ya kamera haikuuzwa. Huenda ina harusi ya watu, wanawake wakiwa wamejipamba miongoni mwa wenzao. Huenda ina sura ya mwisho ya mzazi aliyefariki. Irudishwe ndani ya kopo lake, kisha apewe mwenyewe bila kusafishwa. Asipopatikana baada ya kutafutwa, isipelekwe studio kwa udadisi, macho ya wageni yakaingia nyumbani mwa watu. Kuivuta nje juani kwatosha kuifuta, na kumsitiri Muislamu kuna malipo makubwa kwa Mola.

Aliyekwisha kununua asiihifadhi kamera katika mkoba wa ngozi, kwani ngozi huweka unyevu. Chombo chenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vifuko vidogo vya kufyonza unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, kitaifaa zaidi.

Mwenyezi Mungu azibariki biashara zetu na azisitiri nyumba zetu. Amin.