Pijo ya Mjomba, Probox Yetu

Simama stejini Lwakhakha saa kumi na mbili asubuhi, uhesabu wanaoingia kwenye Probox moja ya Chwele. Dereva na abiria wanne, gari imejaa. Lakini haiondoki. Anaingia wa sita, wa saba, na mwingine anabanana na dereva kiti kimoja. Jumatatu iliyopita dada yangu mdogo alienda shule akiwa kwenye buti, juu ya gunia la vitunguu.

Wazee wakiona hivyo husema enzi za Pijo watu walisafiri kwa heshima. Mjomba wangu ni mmoja wao. Peugeot 504 yake, ile ndefu ya viti safu tatu, sasa kuku wanatagia ndani. Nilipoacha chuo na kurudi nyumbani, ndiye aliyenifundisha kuifungua kabureta yake kwa spana na bisibisi. Kwa hivyo nakiri, naipenda.

Na heshima ilistahili. Ilitoka 1968, ikawa Gari la Mwaka la Ulaya 1969. Ove Andersson alishinda nayo Safari Rally 1975, na Jean-Pierre Nicolas akashinda na ile ya milango miwili 1978. Ikikwama, fundi wa kijijini aliifufua papo hapo.

Lakini tusidanganyane. Pijo ilikuwa na kiu ya mafuta. Probox, iliyoingia sokoni Japani 2002, ina injini ndogo. Ile ya lita 1.5 inapimiwa mafuta na kompyuta, na spea zake zimejaa madukani. Kijana anayelipa mkopo hawezi kulisha Pijo kila siku. Kwa hesabu hiyo, gari ndogo imeshinda.

Sasa heshima ilipotelea wapi? Nilimuuliza mjomba Pijo yake ilibeba wangapi. Akacheka: "Viti vilikuwa saba. Sisi tulipanga kumi na wawili."

Basi kumbe! Ugonjwa tuliurithi, tukabadilisha bodi tu. Tatizo si umri wa gari. Ni ile hesabu ambayo mwenye gari anataka jioni, na dereva haifikishi bila kubeba watu kama magunia.

Na tunajua inawezekana. Sheria za Michuki zilipoanza Februari 2004, matatu zilikaza mikanda na kila abiria akapata kiti chake. Baadaye tukalegea.

Ombi langu kwa madereva wenzangu wa umri wetu: ketini na wenye magari, mpange nauli na hesabu inayotoka kwa abiria wanne. Nasi abiria tukubali kuongeza kidogo, na tukatae kupakatwa. Pijo ilikuwa kali, Probox ni nafuu. Lakini ikipinduka na watu tisa ndani, hakuna atakayeuliza ilikunywa mafuta kiasi gani.