Kompyuta kali ya simuleta, umeme wake tutatoa wapi?

Vijana wenzangu wa Rwekubo, na ninyi ndugu wa mashirika mnaotusoma, mjadala wa simuleta ya ndege umekuwa moto. Kiti cha mbao kipo, meza ipo, imebaki kompyuta. Wengi wanataka ile kali ya gemu, eti bila hiyo hakuna kuruka. Mimi nakataa.

Tupige hesabu ya umeme, maana kila mtu anaikwepa. Kompyuta ya mezani yenye kadi kubwa ya picha inaweza kula wati 300 ikiwa kazini, na skrini bado. Betri ya sola ya volti 12, Ah 100, inabeba wati-saa 1,200. Lakini betri ya asidi ukiikamua kupita nusu unaiua mapema, kwa hiyo una 600 tu. Saa mbili imekwisha, na vijana bado wako foleni! Laptopu ya mitumba ya wati 60, kwa betri hiyo hiyo, inakaribia saa kumi. Haya, toa kidogo kinacholiwa na inverta.

Programu nayo. Microsoft Flight Simulator ya 2020 ni nzuri, sibishi, ila inataka GB 150 kwenye diski, na picha za ardhi inazivuta kwenye intaneti ukiwa unaruka. Bando la nani? FlightGear ni ya bure, na ramani ya Uganda unaipakua siku moja ukiwa Mbarara, unarudi nayo kwenye flashi. Cessna 172 imo. Nyumba za Entebbe hazitafanana na zenyewe, lakini kimo, mwendo na dira vinafanya kazi, na hivyo ndivyo mtu anajifunza.

Dukani Mbarara tafuta RAM ya GB 8 na diski ya SSD, na uombe waiwashe FlightGear mbele yako kabla hujalipa. Muuzaji akikataa, toka.

Ndugu wa mashirika, najua mashine kubwa yenye taa inapendeza kwenye picha ya ripoti. Ila shule ya urubani ya Soroti, iliyopo tangu 1971, haitamuuliza kijana alichezea kompyuta gani. Itamuuliza hesabu na fizikia.

Kwenye kikao nitapendekeza hivi: laptopu mbili, betri moja ya ziada, jostiki moja. Anayetaka ile kali aje na hesabu yake ya betri.