Hasara ya Upepo Iandikwe Kabla Bati Halijaokotwa

Upepo ukiezua paa la darasa Lodwar, Kaunti ya Turkana, au kubomoa nyumba ya matofali ya udongo Kakuma, kazi ya kwanza ni kuokoa watu. Ya pili ni kuandika. Ofisi inayonakili maneno mawili tu, "upepo mkali", kisha ikafunga faili, haijatimiza wajibu wake.

Nguvu ya kimbunga cha nchi kavu hujulikana zaidi kwa kilichovunjwa kuliko kwa mashine, kwa kuwa ni nadra mashine kuwapo palipopigwa. Tetsuya Fujita wa Chuo Kikuu cha Chicago alitoa mizani yake mwaka 1971, daraja 0 hadi 5. Mizani iliyoboreshwa, ambayo Marekani imeitumia tangu Februari 2007, ina viashiria 28 vya uharibifu, na daraja la 5 ni upepo unaopita kilomita 320 kwa saa. Kimbunga cha Machi 18, 1925, kilichoua watu 695 Missouri, Illinois na Indiana, kilipewa daraja la 5 miaka mingi baadaye. Kiliweza kupimwa kwa sababu kuna walioandika.

Mizani hiyo ina upungufu unaoihusu Turkana moja kwa moja. Mei 31, 2013, huko El Reno, Oklahoma, rada ilipima upepo uliozidi kilomita 450 kwa saa, lakini kimbunga kikaishia daraja la 3 kwa kuwa kilipita mashambani penye majengo machache. Palipo na vichache vya kuvunjwa, upepo huonekana dhaifu kuliko ulivyo. Wajapani hawakukubali kupimiwa kwa nyumba za Wamarekani: mwaka 2016 walianza kutumia mizani yao, yenye hata mawe ya makaburi miongoni mwa viashiria. Yetu na itaje manyatta, hema, paa la mabati, mgunga na mkoma.

Wala si kwamba upepo wa huku haujulikani. Njia iliyo kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya huubana na kuuongezea kasi, hasa usiku na alfajiri. Watafiti Kinuthia na Asnani waliueleza mwaka 1982, na leo unazungusha mitambo 365 ya umeme Loiyangalani, ng'ambo ya Ziwa Turkana. Upepo wenye faida umepata wa kuupima. Unaobomoa unastahili bidii ileile.

Jedwali la Nne la Katiba limezipa serikali ya kitaifa na za kaunti jukumu la kukabili majanga. Kwa hiyo asitupiane mtu mpira. Chifu apige picha kwa simu kabla mabati hayajaokotwa. Afisa wa kaunti apime umbali ambao bati limerushwa na aandike kwenye fomu vitu vimelalia upande gani: vikilala upande mmoja, huenda ni upepo wa dhoruba ulioshuka kutoka wingu, vikiwa vimekusanyika na kupindana, huenda ni kimbunga. Atazame na msumari. Bati lililochanika kwenye tundu la msumari linasimulia nguvu ya upepo. Msumari uliochomoka mzima kwenye mbao unamshtaki fundi. Kwenye makazi ya wakimbizi ya Kakuma na Kalobeyei, Idara ya Huduma kwa Wakimbizi na shirika la UNHCR wajaze fomu ileile, maana upepo hauulizi kitambulisho. Idara ya Hali ya Hewa ipokee taarifa zote, itoe daraja na kulitangaza.

Bila rekodi hiyo, kaunti haina msingi wa kudai fedha za dharura, wala wa kumwamuru mkandarasi wa shule afunge paa kwa nguvu kiasi gani. Fomu ni ya ukurasa mmoja. Afisa atakayeiacha tupu baada ya siku mbili ajibu kwa maandishi, na Bunge la Kaunti lisome jibu lake hadharani.