Mlima Hauna Utu Mpya wa Kuuza

Bango limebandikwa kando ya kibanda cha muguka hapa Dallas, pembeni mwa mji wa Embu: panda Mlima Kenya kwa siku tano, ushuke ukiwa mtu mpya. Bei ni ya dola. Nimelisoma mara tatu, na kila mara hasira imenipanda, maana mwenye kutoa ahadi hiyo anauza kitu asichokuwa nacho.

Watetezi wake nawajua. Watasema wageni wanaleta riziki kwenye njia za kupandia mlima za Chogoria na Sirimon, na kwamba wapo wanaoshuka wakilia machozi ya kweli. Sikatai. Kufika kilele cha Lenana alfajiri, mita 4,985 juu, kwenye baridi ya kupasua midomo, humgusa yeyote.

Lakini mtazameni mpagazi. Jirani yangu ameupanda mlima huu tangu ujana wake. Hubeba mkoba wa mgeni, sufuria na mtungi wa gesi, kisha huwatangulia wageni ili wakifika kambini wakute chai imeiva. Jumapili nilimkuta akikanda goti kwa maji moto yenye chumvi. Nikamuuliza kama mlima umewahi kumbadilisha. Akanyamaza kidogo. "Mwalimu," akasema, "kule mimi huenda kutafuta karo."

Hewa anayovuta ni ileile. Macheo ni yaleyale, na barafu ya Lewis inayozidi kuyeyuka huiona kila safari. Kama kilele ndicho kinachompa mtu moyo mpya, mbona yeye hakikumpa? Kinachompumzisha mgeni ni likizo, simu isiyo na mtandao, chakula asichopika na mzigo asioubeba. Utulivu huo umekaa juu ya mgongo wa mtu mwingine. Uitwe likizo, nami sitakuwa na neno.

Na bado bango linathubutu kutaja mlima mtakatifu! Wazee wa Embu walioomba wakielekea Kirinyaga, na wa Meru wanaouita Kirimara, hawakuhitaji kukanyaga kilele. Waliomba wakiwa kwao, wakaomba mvua ya wote, mifugo ya wote, watoto wa wote. Nani aliwaruhusu wafanyabiashara kuichukua ibada hiyo ya jamii nzima na kuikatakata iwe tiba ya mtu mmoja mwenye dola?

Jumatano jirani yangu anapanda tena, na goti bado limevimba. Wenye bango na waandike, chini ya ile bei yao, anacholipwa kwa siku.