Filimbi Peke Yake Haitoshi

Ndugu mzazi, ukipita kando ya uwanja wa shule wakati wa kipindi cha michezo, mara nyingi utawaona vijana wachache wenye nguvu wakifukuzana na mpira. Wenzao, hasa wasichana, wameketi pembeni wakichezea nyasi. Mwalimu yupo, lakini kazi aliyopewa ni kupuliza filimbi tu. Huo ni mchezo wa wachache na mapumziko ya wengi.

Elimu ya viungo ni somo kama hesabu, nalo lina utaalamu wake. Hati ya Kimataifa ya Elimu ya Viungo na Michezo, iliyopitishwa na UNESCO mwaka 1978, ilitamka wazi kwamba ufundishaji wake uwe mikononi mwa watu waliohitimu. Jambo hilo lina uzito, kwa kuwa lahusu usalama wa watoto wetu.

Tuchukue mfano wa mtoto mwenye selimundu, ugonjwa ambao wengi huuita siko seli, na ambao umeenea sana nchini Tanzania. Mtoto huyu aweza kucheza, na michezo ya kiasi humfaa. Lakini akikimbizwa juani bila maji wala pumziko, aweza kushikwa na maumivu makali ya kumfikisha hospitali. Mwalimu aliyesomea kazi hii humpa maji mapema, humruhusu kupumzika kabla hajachoka, wala hamwiti mvivu. Asiyesomea huenda akamwongezea mzunguko mmoja uwe adhabu.

Adhabu hizo nazo zina hasara yake. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba watoto wa miaka 5 hadi 17 waushughulishe mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Je, mtoto aliyerushwa kichurachura kwa kuchelewa paredi atayapenda mazoezi akiwa mtu mzima?

Wapo wasemao kwamba kipaji hujitokeza chenyewe. Ni kweli kwamba tarehe 2 Februari, 1974, mjini Christchurch, Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500, na taifa zima likajivunia. Lakini kipindi cha michezo hakikuwekwa ili kumtafuta Bayi mmoja. Kimewekwa kwa faida ya darasa zima.

Si lazima kila mwalimu awe mtaalamu. Shule ikiwa na mmoja aliyehitimu, na akapewa madaraka ya kweli, ataweza kupanga mazoezi yanayolingana na umri, kuwaelekeza wenzake, na kujua ni watoto gani wanaohitaji uangalizi.

Kwa hiyo, katika kikao kijacho cha wazazi, tusiishie kuuliza habari za mitihani na michango. Tuulize pia ni nani anayeongoza elimu ya viungo, na amepata mafunzo gani. Nasi wenye watoto wagonjwa tusimfiche mwalimu huyo maradhi yao.